Akika ya Ijumaa

Mwanamkuu wa Baleni alikuwa msukaji wa mikeka, mjane mwenye ulimi mkali na mjukuu mmoja tu, Mwanahalima. Baba wa mtoto, mtu wa bara, alisilimu ili amwoe Arafa, binti wa Mwanamkuu. Ndui ikawachukua wote wawili, na hapo ndipo ndugu za baba huyo wa bara walipokumbuka kwamba wana damu Mafia.

Walikuja wawili, wa tumbo moja. Filipo alilelewa na mapadre wa Bagamoyo, mdogo wake Yakobo na Waprotestanti wa Dar es Salaam. Dini ya upendo iliwafunza wasisalimiane. Kila mmoja alitaka kumchukua mtoto akambatize kwao. Kwa mila, mtoto ni wa kuumeni, na Akida Hamoud, mkuu wa serikali pale Baleni, alikwisha kumwambia bibi afungashe nguo za mtoto. Alichokuwa hajaamua ni ampe yupi. Mwanamkuu alilia mpaka sauti ikamkauka. Kisha akafuta machozi, akatafuta mbuzi.

Alisema hamwachii mjukuu aondoke bila akika, karamu ya kumchinjia mtoto, akachagua Ijumaa. Alikwisha kusikia kwamba Filipo, kwa amri ya mapadre wake, hali nyama siku hiyo. Baada ya sala, sinia likawekwa mbele ya ndugu hao wawili, akida kando yao. Filipo akajivutia wali mkavu. Yakobo akanyakua paja zima, akalitafuna taratibu huku akimtazama kaka yake.

Filipo akashindwa kuvumilia. Akasema watu wa Yakobo walimkimbia Mungu kwa ajili ya kitoweo. Yakobo, mdomo umejaa, akajibu kwamba afadhali kitoweo kuliko kupigia magoti masanamu.

“Bora mtoto abaki Mwislamu kuliko kuangukia kwenu,” alisema Filipo.

“Hata mimi nasema hivyo hivyo. Bora abaki.”

Mwanamkuu aliweka chini birika la kunawishia.

“Bwana Akida, umewasikia?”

Hamoud alikuwa amewasikia, na nusu ya Baleni pia. Akasema upande wa baba umetoa kauli moja, na yeye ni nani aipinge. Yakobo alikuwa bado anatafuna.

Mwanamkuu akaingia ndani, akafungua kifurushi cha nguo za mtoto, akazirudisha sandukuni. Kwa kitambaa kilichobaki akamfungia Filipo nyama yake ya kesho.