Uchovu wa Mama Eufrasia

Kwa miaka kumi na moja Casimiro Huillca alibeba mizigo ya watalii, safari ya siku nne hadi magofu ya Machu Picchu, na mgongo wake haukuwahi kulalamika mpaka alipotaka kuoa.

"Utamchukua Nicolasa," alisema Mama Eufrasia, mama wa binti, "ukishanipelekea uchovu wangu kule juu."

Desturi ni hiyo. Mtu huokota kijiwe bondeni, akakiacha kileleni kwenye rundo la mawe, na uchovu wake ukabaki nacho hukohuko. Kijiwe, jamani, cha kutia mfukoni! Mama Eufrasia alimkabidhi jiwe la ukubwa wa boga.

"Mama, si kubwa mno hili?"

"Nimezaa tisa, mwanangu. Ulitaka nikupe kokoto?"

Na kwa kuwa hakumwamini hata chembe, akamwagiza mpwa wake Teófilo, mpagazi mwenzake Casimiro, awe shahidi.

Mwanzo wa njia kuna mizani. Mzigo wa mpagazi ni kilo ishirini. Ukizidi, anarudishwa nyumbani. Mahema na mtungi wa gesi vilikwisha kuzijaza kilo hizo zote. Lakini mizani hupima mzigo, haimpimi mtu. Casimiro akalifunga jiwe tumboni, akateremsha joho lake la sufu, akapita akitembea kama bata.

"Kaka, miezi mingapi?" Teófilo akamuuliza.

"Nyamaza. Mimba yenyewe ya shangazi yako."

Siku ya pili walipanda kilele kiitwacho Mwanamke Aliyekufa, jina ambalo Casimiro kila akilitaja alimkumbuka mkwewe mtarajiwa, akaona haya. Mtalii mmoja, daktari mwenye huruma iliyopitiliza, alimkuta ameshika tumbo anahema. Akamlaza nyasini, akambonyeza. Akambonyeza tena. Daktari uso ukamwiva. Kupitia kwa kiongozi wa msafara akauliza mgonjwa hajaenda haja tangu lini.

Akisema kweli, jiwe litatupwa palepale na harusi itakwenda nalo. Casimiro akamuwaza Nicolasa.

"Tangu Pasaka," akajibu.

Akapewa vidonge vinne, akavimeza mbele yao. Yaliyofuata tuyasitiri, ila wapagazi huapa kwamba hakuna binadamu aliyewahi kupanda kilele kile kwa kasi ile. Juu akaliweka jiwe kwenye rundo, akalitilia majani matatu ya koka, sadaka ya mlima, Teófilo akapiga picha. Daktari alipomwona jioni tumbo limenywea, alimpa mkono, akaandika ukurasa mzima kwenye daftari lake.

Nyumbani, Mama Eufrasia aliitazama picha kwa muda mrefu. Kisha akainuka bila kushika kiuno, mara ya kwanza tangu Casimiro amjue.

"Uchovu umeniondoka wote," akasema. "Nicolasa ni wako, baba. Mchukue."

Casimiro alifurahi kwa kadiri ya pumzi moja.

"Na mimi na nguvu zote hizi nitakaa hapa nifanye nini? Jumapili nahamia kwenu."