Siku Niliyomgeuza Ngamia wa Mzee Guyo

Hii aibu nimeificha miezi mingi, na ningeendelea kuificha kama supavaiza wangu hangekuwa anaisimulia kwa kila mtu kule chuoni, kwa hivyo afadhali mniskie mimi mwenyewe.

Masta yangu ni ya kufundisha kompyuta kupima umbo la ngamia kutoka kwa picha, ijue nani anakonda kabla mwenyewe hajashtuka. (Mimi ni Mmeru, kwetu ni miraa na ng'ombe wawili, ngamia nilikuwa nawaona wakivuka barabara tu.) Mzee Guyo wa Korbesa, mfugaji Mborana, alikuwa ametuachia tupige picha chache za kujaribu, na wazee wakiridhika tungepewa kundi lote. Wakikataa, sina masta.

Sasa, ngamia wengine walikuwa wanaangalia kushoto, wengine kulia, na kompyuta inataka wote waangalie upande mmoja ndiyo iwalinganishe, basi asubuhi ya mkutano na wazee nikawageuza wote kwa picha waangalie kulia, vile mtu hujiona kwa kioo. Kubonyeza tu, nikajiona mjanja.

Mkutanoni nikatoa salaam aleikum, nikawasha projekta, ngamia jike mkubwa akajaa ukutani na wazee wakakodoa macho, nikadhani wamependa. Mzee Guyo akaenda mpaka pale ukutani, akaweka kidole kwa alama ya moto iliyo pajani, akauliza polepole ni lini ngamia wake alihamia kwa ukoo wa ng'ambo ya mto. Kumbe alama ni ile ile, lakini wao huichoma paja la kushoto na wale wengine paja la kulia, na wazee wakaanza kunong'onezana kwa Kiborana huku wakiniangalia mimi na begi yangu.

Ningemgeuza tu arudi alivyokuwa, yangeisha. Lakini hofu, jamani! Nikasema kwa sauti ya kusikika hadi nje, "Msijali, hiyo alama naweza kuitoa," nikabonyeza, alama ikapotea, ngozi ikabaki safi, hata kovu hakuna. Nikageuka nikitabasamu.

Nilitabasamu peke yangu. (Supavaiza alikuwa amejifunika uso na kofia.) Kule kwao, mtu anayefuta alama ya ngamia ana jina moja tu, na si mtafiti.

"Kendi," Mzee Guyo akasema, "kwanza umemhamisha, sasa umemwiba. Bado umchinje?"

Walicheka hadi wengine wakajifuta machozi, na mimi nikajifuta yangu, ya aibu. Ruhusa nilipewa, lakini kwa sharti moja, kwamba kwa kila picha Mzee Guyo mwenyewe asimame mbele ya ngamia akionyesha alama kwa fimbo, na hajakosa hata siku moja. Kompyuta yangu sasa inaapa kwamba ngamia wa Korbesa ana miguu sita.

Juzi supavaiza akaniuliza kwa nini nisimfute mzee kwa picha, si ni kubonyeza tu. Nikamwambia aende Korbesa akamuulize mwenyewe kwanza. Mimi kufuta nimewacha.