Siku Muzee Aliposema Gardavu

Niwaungamie kwanza: ni mimi niliyevaa koti la jeshi la babu, juma lile waasi walipoingia Goma, nikasimama nalo mbele ya butiki yetu kama mulinzi. Hadi leo nikinusa naftalini, ile dawa ya nondo iliyojaa mifukoni mwake, nageuka kutazama nyuma yangu.

Koti hilo lilikuwa na heshima nyumbani. Babu, ambaye wote tulimwita Muzee, alilivaa ujana wake wote jeshini, kisha akalikunja, akaoa, akafungua butiki pale mtaani Murara. Volkano iliposhuka mjini, kabla sijazaliwa, bibi alikimbia na watoto, Muzee akakimbia na koti. Bibi hakumsamehe kabisa. Lakini Muzee alirudi, akajenga butiki ileile juu ya mawe ambayo bado yalikuwa na joto, na sisi wote tukasomeshwa na sabuni na chumvi.

Tena aliiongoza kama kambi. Sabuni mstari wa mbele, sardini nyuma kabisa, mbali na adui, yaani wajukuu. Kila asubuhi kabla ya masomo alisema "Gardavu", amri ya jeshi ya kusimama wima, tukakaza visigino, akakagua kucha zetu.

Sasa, mimi na koti. Risasi zilikuwa zimenyamaza siku mbili, masomo yamefungwa, nikaona nimchekeshe dada yangu. Akacheka, kisha akaacha. Nyuma yangu walikuwa wamesimama waasi wawili wenye bunduki, mmoja mrefu sana. Siku hizo aliyekutwa na nguo ya jeshi alipandishwa gari, na gari halikurudi naye.

"Musoda wa hii koti iko wapi?" yule mrefu akauliza, kana kwamba askari mwenyewe amejificha ndani.

Muzee akatoka polepole, mikono nyuma. Akanitazama mimi tu.

"Gardavu."

Hakusema, alinguruma. Visigino vyangu vikagongana. Na vingine pia: yule mrefu alikuwa amenyooka kama mulingoti, bunduki ubavuni, kidevu juu. Mwenzake akamtazama, akacheka mpaka akashika mlango.

"Repo," Muzee akamwambia, naye akalegeza mabega. "Weye walikufundisha vizuri. Huyu mutoto wangu ndiye sijamaliza."

"Ulitumika jeshini zamani, Muzee?" yule mrefu akauliza.

"Baba yako alikuwa hajaoa bado."

Mrefu akajifuta uso. "Ficha ile koti," akasema, wakaenda zao, mwenzake akimwigiza njia nzima.

Kwa miaka niliamini Muzee alinikaripia mimi. Juzi tu, prefe, mkuu wa shule yetu, alipoingia darasani ghafla na miguu yangu ikasimama kabla sijaamua, nikaelewa: amri ile ilinipita begani. Muzee aliona jinsi yule mwasi mrefu alivyoshika bunduki, akajua kabla ya kuasi alipitia jeshi lilelile la Muzee, na mwili wa musoda hutii kabla kichwa hakijauliza.

Majirani walitoka wakampigia Muzee makofi. Mama hakupiga. Alinivua koti, akalikunja vizuri, akasema: "Enda umwambie Muzee aksanti. Useme polepole, maana ukimaliza unakuja kwangu."