Kiponda na Mfereji wa Kwenye Ramani

"Mmeniita kwenye meza hii ninywe chai au nifanye kazi?" Kiponda aliuliza, kikombe akakisukuma mbali. Chai niliitia mimi, mhudumu wa mkutano, lakini sikuudhika.

Kiponda ni mwenyeji wa Changamwe, msimamizi wa mafundi wa mitaro, mwaka wa thelathini huu anamwaga zege. Safari hii upanuzi wa maegesho ya ndege ulikuja na utaratibu mpya: mchoraji, mkandarasi, watu wa uwanja na mafundi wakae pamoja kabla mchoro haujakamilika, faida na hasara iwe ya wote. Zamani mchoro ulishuka kama hukumu. Fundi akiona kosa alinyamaza, maana kubomoa na kujenga tena kulilipwa upya. Wapo walionenepa kwa hilo. Kiponda hakuwahi.

"Maji mnayapeleka kwenye mfereji wa nyuma ya ua wa uwanja wa ndege," alisema. "Mfereji huo haupo. Watu waliujaza kifusi wakajenga. Mvua ya Mei itatuingilia majumbani."

"Kwenye ramani upo," Injinia Samiha, mchoraji, akajibu. "Mzee, kazi yako wewe ni karai. Kalamu niachie mimi."

Watu kumi na mmoja wakainamia vikombe vyao. Binti ambaye Kiponda angeweza kumzaa, huyo. Mwingine angeondoka na karai lake, na sisi wa nyuma ya ua tungeogelea. Kiponda alisema tu, "Basi kesho njoo na ramani yako, na viatu vya kutembelea."

Samiha akaja, kwa hilo nampa haki yake. Wakafuata mstari wa ramani mpaka ukaingia jikoni kwa Mwanarehema, chini ya meko hasa. Mwanarehema, mwiko mkononi, anakaanga mahamri, akauliza, "Na karai langu hili nalo limo kwenye ramani?"

Mtaro ukahamishiwa upande wa barabara kwa kufuta na kuchora, siku mbili, bila kuvunja hata tofali. Ila Kiponda alikuwa bado anadai. Huku kwetu aliyekuvunjia heshima mbele ya watu haji kukuomba radhi pembeni. Samiha alijaribu pembeni. Kiponda akajifanya anapima zege.

Jumatatu, meza ileile, watu walewale, Samiha akasimama. "Mzee Kiponda, nilikukosea adabu. Niwie radhi."

"Yameisha, mwanangu." Akakivuta kikombe chake. "Sasa niazime hiyo kalamu. Lile shimo la kuzibulia mtaro nalo umeliweka pabaya."