Sijambo ya Mwinyihaji

Mwaka wa 1961 Mwinyihaji alikuwa mpakuzi wa saruji kule Kipevu, bandarini Mombasa, na vumbi la saruji lilikuwa limekaa kifuani mwake muda mrefu kuliko alivyokaa na mkewe, Mwanasaumu, Mungu amrehemu. Hawakujaliwa watoto. Aliishi peke yake Timbwani, akilala ameketi, mgongo ukutani, maana akijinyoosha tu pumzi humbana. Daktari alimwandikia vidonge. Alichotaka Mwinyihaji ni hicho tu, alale kama watu.

Lakini wapakuzi walikuwa na mfuko wao wa matibabu, na mfuko ulikuwa na sheria: dawa rahisi kwanza. Aliyeandikiwa vidonge vya bei hupewa kwanza dawa ya maji, majuma matatu. Kila Jumatatu hurudisha chupa tupu dirishani, karani akaandika hali yake kitabuni. Asipopata nafuu, ndipo vidonge hugongewa muhuri. Siilaumu sheria. Mfuko ni wa wengi, na dawa ghali ikigawiwa ovyo, wa mwisho hukuta kabati tupu. Ubaya ulikuwa kwenye swali.

Karani alikuwa kijana wa bara, nadhifu, mwenye mwandiko mzuri na haraka nyingi. Jumatatu ya kwanza alipokea chupa, akauliza, "Hujambo, mzee?"

"Sijambo, alhamdulillahi," akajibu Mwinyihaji.

Angejibu nini? Mtu wa pwani husema sijambo hata roho ikiwa kooni. Adabu haimruhusu kumtwika mwenzake maradhi yake kabla hata hawajaamkiana. Tena, tuseme kweli, hakuwa na mwingine wa kumuuliza hali. Tangu Mwanasaumu afariki, alikuwa akiamka, akijipikia chai, akitoka, bila mtu kutaka kujua ameamkaje. Kijana mwenye malezi angeanza na shikamoo, lakini mkosa titi la mama, hata la mbwa huamwa. Jumatatu ya pili Mwinyihaji alikwenda dirishani na kanzu iliyopigwa pasi.

"Hujambo, mzee?"

"Sijambo, mwanangu. Sijambo sana."

Jumatatu ya tatu wakaamkiana vilevile, kisha akaomba vidonge vyake. Karani akafungua kitabu, akasoma kwa kidole. "Hajambo. Hajambo. Na leo hajambo. Dawa ya maji imekufaa, mzee. Muhuri hakuna."

Mwinyihaji alishika ukingo wa dirisha. Uongo wake wa adabu ulikuwa umeandikwa kwa wino, na sasa ulimnyima usingizi. Ilimbidi aseme neno ambalo hakupata kumwambia mtu asiye wa nyumbani mwake.

"Mwanangu, wallahi, siwezi."

"Huwezi nini?"

"Siwezi."

"Kufanya kazi? Kutembea? Sema, mzee, huwezi nini?"

Mwarandu, mtoa dawa, mzaliwa wa Changamwe, alikuwa nyuma akiosha chupa. Alicheka hadi akaiweka chupa chini. "Bwana karani, watu wa huku wakisema siwezi, ni wagonjwa. Na hiyo sijambo ni salamu tu! Hebu kisikilize kifua cha mzee, kinapiga filimbi."

Karani akasikiliza. Hakuwa mtu mbaya. Aliona haya, akakata zile hajambo tatu kwa mstari, akagonga muhuri.

Juma lile Mwinyihaji alilala chali. Aliyatazama makuti ya paa lake, ambayo hakuwa ameyatazama kwa muda mrefu, akatamani kumwambia mtu. Akaihifadhi habari yake hadi Jumatatu. Siku hiyo akapiga tena kanzu pasi, akaenda na kichupa cha vidonge.

Karani, naye, alikuwa amejifunza, na amejifunza mno. Mbele yake palikuwa na karatasi ya maswali mapya.

"Kifua kinabana?"

"Hakibani."

"Unalala chali?"

"Nalala."

Akaandika, akajaza kichupa, akamsogezea. Mwinyihaji hakuondoka. Alisimama pale na pumzi zake nzima, akingoja. Foleni ikaanza kuguna nyuma yake.

"Sijambo," akasema mwishowe, kwa sauti ndogo, ingawa hakuulizwa.

"Hiyo haihitajiki tena, mzee," akasema karani, akanyoosha mkono kupokea chupa ya mwingine.