Kengele ya Mbwa Bubu

Miaka ile ya Zaire, mbwa wetu pale Kolwezi hakujua kubweka, kwa hiyo baba alimfunga kengele ya mbao shingoni, kama wafanyavyo wawindaji wa kwao Sandoa. Jirani, ambaye mbwa wake alibweka kutwa, alitukera kweli: “Ile imbwa yenu ni bubu!”

Siku watu wenye bunduki walipopita nyumba kwa nyumba wakikamata wanaume, tulijifungia ndani, baba akajificha chini ya kitanda. Mbwa akajikuna. Kengele ikalia. Mama akanyakua bonge la bukari, ugali wetu, sahanini, akalishindilia ndani ya kengele mpaka ikaziba.

“Nyamaza, tata,” alimsihi mbwa, akimwita baba kwa heshima, kama anaongea na mkwe.

Viatu vilisimama mlangoni kwetu.

“Humu hamuna mutu,” mmoja akasema.

Ndipo mbwa wa jirani akabweka, na viatu vikageukia kwake.