Chumvi ya Mama Salehe

Juzi mvua ilivuja stoo ikalowesha mfuko wa chumvi. Nilipouweka karibu na jiko ukauke, harufu ya chumvi mbichi na moshi ilinipanda puani, nikalazimika kutoka nje. Mimi ni mzee mwenye wajukuu, lakini harufu hiyo hunirudisha kwenye jiko la Mama, Matogoro.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Maduka ya Mfaranyaki yalianza kujaa vitu, sabuni za kunukia, biskuti, chumvi laini ya pakiti. Sisi tuliendelea na chumvi ya mawe iliyopimwa kwa kopo kutoka kwenye gunia. Ilikuwa na mchanga, kwa hiyo Mama aliiosha kwenye beseni, akaianika kwenye ungo juu ya mafiga. Watoto wenzangu waliiita chumvi ya ng'ombe. Rovu halikuwa kioja kwetu. Shangazi yangu alikuwa nalo shingoni, kubwa kama ngumi, na alilifunika kwa khanga siku za misa tu.

Nikiwa darasa la sita, mwalimu alitangaza kwamba nesi atakuja kutupima, na kila mtoto alete chumvi ya kwao kwenye karatasi. Nilikuwa kiranja. Nikaona aibu. Nikaenda kwa jirani yetu Mama Salehe, mke wa karani aliyehamia kutoka Tanga, ambaye alitumia chumvi ya pakiti, nikamwambia Mama anaomba chumvi kidogo. Alinipa bila swali.

Kesho yake nesi alinishika shingo kwa vidole gumba viwili.

"Meza mate. Tena."

Kisha akadondosha tone la dawa kwenye chumvi yangu. Ikageuka buluu iliyokoza, alama kwamba ina madini joto, wenzangu wakapiga makofi. Ya Kostansia, aliyenifuata, ilibaki nyeupe.

"Mooo!" mmoja akalia kama ng'ombe, darasa zima likaangua kicheko.

Nesi hakucheka. Alikuwa bado ananitazama.

"Wewe baba, shingo yako na chumvi yako hazisemi kitu kimoja. Rovu limeanza hapa. Hii ndiyo mnayokula kila siku?"

"Ndiyo, nesi."

"Nyumbani kuna mjamzito?"

Mama alikuwa na mimba changa. Kwetu mtoto hataji tumbo la mama yake mbele za watu, lakini sitajificha nyuma ya heshima. Niliogopa kwamba nesi akifika nyumbani ataukuta ule ungo.

"Hapana."

Akaandika. Wiki iliyofuata alizitembelea nyumba ambazo chumvi yake ilibaki nyeupe. Mama yake Kostansia, aliyekuwa mjamzito pia, alipewa vidonge vya madini joto. Mlangoni kwetu nesi alisalimia tu, akapita.

Mdogo wangu Festo alizaliwa mtulivu mno. Hakuwa akilia. Alichelewa kukaa, akachelewa kutembea, na jina lake hajalitamka mpaka leo.

Kidato cha tatu, mwalimu wa baiolojia alitueleza kwamba tezi ya shingoni hutumia madini joto kutengeneza homoni, na homoni hizo ndizo zinazojenga ubongo wa mtoto tumboni. Madini yakikosekana, tezi huvimba kwa kuhangaika. Wenzangu waliandika. Mimi nilifunga daftari.

Nilipopata kazi nikampeleka Festo hospitali, akatolewa damu. Daktari akasema homoni ziko chini sana. Dawa itampa nguvu, lakini kilichokosekana tumboni hakirudi.

"Mama angepata kidonge mapema, ingekuwaje?" nikamwuliza.

"Huenda angekuwa mzima. Sasa hakuna awezaye kujua."

Mama yeye alikuwa na jibu lake. Akiwa na mimba hiyo aliteleza mtoni na ndoo ya maji kichwani. Alipokuwa akimlisha Festo, mwanamume mwenye ndevu, alikuwa akisema, "Laiti ningeshika njia ya juu siku ile, mwanangu." Nami nilikaa pale pale, nikila ugali wake, nikijua. Miaka zaidi ya ishirini nilitafuta siku nzuri ya kumwambia, hata alipolala kitandani mara ya mwisho akiniomba nimtunze Festo kwa sababu yeye ndiye aliyemwangusha.

Nikamwambia, "Sawa, Mama."

Utotoni nilidhani nimedanganya juu ya kijiko cha chumvi. Uongo ule ulikuwa wa mtoto, na mtoto husamehewa. Kumwacha Mama azikwe na kosa lisilo lake, hilo nililifanya nikiwa mtu mzima.